Lubumbashi niliyoikuta si ile aliyotusimulia babu

Nimerudi Kalemie. Tangu nirudi siwezi kufika sokoni bila mtu kunisimamisha: «Kule Lubumbashi kazi ziko?» Wengi wanaouliza ni wazazi walio kwenye kambi za wakimbizi wa vita hapa kandokando ya mji. Kwa hiyo nimeona afadhali nijibu mara moja, kwa wote, na kila mmoja asikie neno lile lile.

Swali la kwanza liliulizwa hata kabla sijaondoka. Mama mmoja wa kambini alinikuta pale kamyo ilipokuwa inapakia samaki. Akaniambia: «Mwanangu, wewe unaenda kwenye mji wa shaba. Uniangalizie. Kijana wangu ana miaka 19, ana nguvu, amekaa bure tangu tulipokimbia kijiji. Nina mbuzi wawili. Nikiwauza, atafika.» Nilimwahidi nitamletea jibu. Lakini nasema ukweli, siku ile moyoni nilikuwa upande wake. Mimi pia nilikuwa sijafika Lubumbashi hata siku moja, na kichwani nilikuwa na mji mmoja mzuri sana, mji wa babu yangu.

Babu alifanya kazi Union Minière miaka ya 1950. Jioni, akisha kula, alitusimulia. Kampuni ilikupa nyumba ya matofali. Ilikupa posho ya unga, samaki na mafuta kila juma. Mke wako akizaa, anazaa kwenye hospitali ya kampuni, mtoto anapimwa uzito, anapewa maziwa, anakua, anaingia shule ya kampuni. Baada ya miaka michache mwanaume ananunua baiskeli, halafu cherehani ya mke. Sisi watoto tulikaa chini tukisikiliza kama watu wanaosikia habari za mbinguni. Na ninavyoona, nusu ya nyumba za Kalemie zina babu wa namna hiyo.

Njia ilikuwa ya siku nne, juu ya magunia, kupitia Pepa na Pweto. Sitaieleza sana, wenye kuipita wanaijua, na wasioipita wasiwe na haraka. Kitu kimoja tu kilinishangaza: kadiri tulivyokaribia mji, magunia ya makala yalizidi kupangwa pembeni ya barabara, marefu, yamefungwa majani juu. Pori zima la miombo linaingia mjini ndani ya magunia. Dereva akaniambia: «Mji unakula miti kwanza, shaba ni baadaye.» Nilicheka wakati ule.

Halafu nikaiona cheminé. Huwezi kuikosa. Ina zaidi ya mita 150, na kando yake kuna kilima cheusi ambacho wenyewe wanakiita terili. Mgeni anafikiri ni mlima wa Mungu, kumbe ni uchafu uliobaki baada ya kuyeyusha shaba, tangu ile ya kwanza mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanza na reli kufika kutoka kusini. Miaka mingi walimwaga pale. Baadaye wataalamu wakagundua kwamba ndani ya ule uchafu kobalti ilibaki nyingi, na karibu na mwaka 2000 wakajenga kiwanda cha kuuyeyusha tena. Yaani hata takataka iliyotoka kwenye jasho la babu zetu imeuzwa mara ya pili. Nilisimama pale muda mrefu nikiangalia juu ya cheminé. Siku zote nilizokaa Lubumbashi sikuona moshi ukitoka mle.

Jumapili, jamaa aliyenipokea alinipeleka kwenye kambi moja ya zamani ya wafanyakazi. Nyumba ni zile zile za babu, za matofali, zimepangwa mistari kama madawati ya shule. Lakini mbele ya kila nyumba kuna kibanda: huyu anauza makala, yule anachaji telefone, yule unga kwa kopo. Mzee mmoja alitukaribisha kwa kiti. Alianza kazi Gécamines kijana, baada ya serikali kuichukua kampuni ya Wabelgiji mwaka 1967. Alipoanza, alisema, king'ora kilipolia asubuhi mtaa wote uliamka, na mshahara ulipotoka hata wauza nyanya walivaa nguo mpya.

Hesabu zinamkubalia. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba, na ililisha wafanyakazi zaidi ya 30,000 pamoja na familia zao. Mwaka 1994 zilikuwa zimebaki kama tani 30,000 tu. Mashini zilichoka bila kubadilishwa, pesa ya shaba ilienda Kinshasa na haikurudi, vita na fujo vikaongeza. Mishahara ikaanza kuchelewa mwezi, halafu miezi mingi. Mwaka 2003, kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipewa pesa ya mara moja waondoke. Waliita kuondoka kwa hiari. Yule mzee aliponitajia neno «hiari» alitabasamu, akanyamaza kidogo. Yeye alinunua friji kubwa ya kuuza samaki, na sehemu ya busi pamoja na shemeji yake. Friji ilikufa kwa sababu ya umeme kukatika. Busi ikafuata. Kadi yake ya kazi bado anayo, akaileta nje imefungwa kwenye plastiki ili nione picha yake ya ujana.

Nilimwuliza: «Papa, basi shaba iliisha?» Akaniangalia kama mtu anayemwonea mtoto huruma. Shaba haikuisha. Na hapa, ndugu zangu, ndipo wengi wetu tunakosea, tena mimi wa kwanza.

Leo Kongo inatoa shaba kuliko wakati wowote, zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka. Kobalti, ile inayotiwa kwenye betri za telefone na za motokari za umeme, zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima inatoka hapa kwetu, katika Lualaba na Haut-Katanga. Ukisimama barabara ya Kasumbalesa utaona kamyo zimefuatana mpaka macho yachoke, zimebeba shaba kwenda mpakani. Kwa hiyo mtu akisema «kule kuna utajiri», hasemi uongo. Lakini tani zile za babu zilihitaji mikono. Tani za leo zinahitaji mashini moja yenye gurudumu refu kuliko mtu, na dereva mmoja aliyesoma kuiendesha. Kampuni ya zamani ilitafuta watu vijijini kwa sababu haikuwa na namna nyingine. Ya leo haimtafuti mtu. Anayeitafuta ni wewe, na unamkuta mlinzi mlangoni.

Nilikwenda kuona hiyo milango. Saa kumi na moja na nusu ya asubuhi, baridi ya mwezi wa saba (ndiyo, Lubumbashi kuna baridi, msifikiri ni kama pwani ya ziwa letu), vijana wamesimama mbele ya geti la kampuni moja, wamevaa koti juu ya koti, kila mmoja na bahasha ya karatasi zake. Wengine wana diploma ya serikali. Wengine wana digrii ya chuo kikuu. Geti lilipofunguka walitaja majina yaliyokuwa kwenye orodha, na orodha ilikuwa imekwisha kuandikwa mahali pengine, na mtu mwingine. Waliobaki walirudi polepole. Nikaongea na kijana mmoja wa Manono, wa jimbo letu la Tanganyika. Ana miezi minane Lubumbashi. Amepata kazi mara mbili, kila mara kontra ya miezi mitatu, si kwa kampuni yenyewe, ni kwa kampuni ndogo inayoifanyia ile kubwa kazi. Ikiisha, imeisha. Wanalala watu sita katika chumba kimoja huko Katuba. Nikamwuliza kwa nini harudi. «Nyumbani waliuza shamba ili nije, yaya. Nirudi na nini mkononi?»

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Uwongo wetu kuhusu Lubumbashi haubaki maneno tu, unauza mashamba. Na kijana anayejua kwamba shamba limeuzwa kwa ajili yake hawezi kurudi hata akiona amekosea. Tumemfungia mlango nyuma yake, sisi wenyewe.

Najua wengine watasema: basi asiende Lubumbashi, apite mpaka Kolwezi akachimbe. Pale hawaulizi diploma. Ni kweli, hawaulizi. Wako wengi wanaochimba, na wako waliopata pesa wakajenga, siwezi kukana. Lakini tuseme mambo yote. Sheria ya migodi inamruhusu mchimbaji mdogo kama ni mtu mzima, Mkongo, mwenye karte, na anachimba kwenye sehemu iliyotengwa. Hizo sehemu ni chache na nyingine hazina madini mazuri, kwa hiyo vijana wanaingia usiku kwenye ardhi ya kampuni. Mwezi wa sita mwaka 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliwafunika wachimbaji wa namna hiyo, makumi wakafa kwa siku moja. Nao wanaotoka salama wanapeleka mfuko kwa mnunuzi mwenye mizani yake, mwenye mashini yake ya kupima uzuri wa mawe, na bei anaitamka yeye. Mkimbizi aliyekwisha kuponea risasi, nikamtume kwenye shimo la mita nyingi lisilo na miti ya kushikilia? Mimi siwezi kumshauri mzazi hivyo. Na kwa watoto ambao hawajafika miaka 18, sioni hata cha kujadili.

Kuna jambo lingine ambalo babu hakutusimulia, labda kwa heshima, labda kwa hofu. Kampuni ile iliyogawa maziwa ndiyo ile ambayo wafanyakazi wake waligoma mwezi wa kumi na mbili mwaka 1941 wakidai mshahara, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira pale mjini, na askari wakawapiga risasi. Makumi walikufa. Watu weusi walikuwa na mtaa wao, wazungu wao, na katikati pameachwa wazi makusudi. Posho ilikuwepo, ndiyo. Lakini uliipata kwa kunyamaza.

Na kazi zilipoanza kupungua, alilaumiwa nani? Mgeni. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wamezaliwa kule kule Katanga, walifukuzwa katika Likasi na Kolwezi. Waliitwa wadudu. Walilala siku na siku kwenye vituo vya reli wakingoja treni, na watoto walifia hapo. Ninyi mlio kambini mnajua kulala mahali pasipo penu, sina haja ya kuwaeleza. Naikumbusha kwa sababu moja: nilipokuwa Lubumbashi, nilisikia mara tatu, kwa siku chache tu, mtu akisema kwamba wizi umeongezeka «kwa sababu ya hao wanaokuja». Siku moja jioni askari wawili walinisimamisha, wakataka karte, wakasikiliza namna ninavyoongea, wakaniuliza nimefuata nini. Sikupigwa, nililipa kidogo nikaachwa. Lakini nilielewa sauti ile.

Kwa ndugu zetu wa Lubumbashi nina neno moja, na ninalisema kwa upendo. Mji wenu ulijengwa na watu wa kuletwa. Walitoka Kasai, walitoka Maniema, walitoka kwetu, wengine walichukuliwa Rwanda na nchi ambazo leo ni Zambia na Malawi. Hata Kiswahili mnachosema kwa kujivuna ilibidi kifike kwanza, kikawa lugha ya watu wasiojuana waliotakiwa kufanya kazi pamoja. Mtoto wa Lubumbashi anayemwita mwenzake mgeni aende amwulize babu yake alishuka na treni gani.

Nisiwe mtu wa kusema mabaya tu. Lubumbashi ni mji mzuri. Barabara za katikati ni pana, na chini ya miti mikubwa mtu anatembea bila jua. Nilikula bukari ya unga mweupe na samaki wa Mweru hadi nikaona aibu. Nilipita Kamalondo kwenye uwanja wa Mazembe, ile timu iliyofika fainali ya dunia ya vilabu mwaka 2010, nikapiga picha kama mtoto. Watu wanasalimiana vizuri, wanapenda mzaha, na mji wao wanauita Wantanshi, maana yake wa kwanza. Usiku lakini, mitaa mingi ni giza, na juu ya paa za nyumba hizo hizo zinapita nyaya nene zinazopeleka umeme kwenye migodi. Vumbi la kiangazi linaingia mpaka ndani ya sahani. Na ule unga wa bukari sehemu kubwa unatoka Zambia. Mpaka wa Kasumbalesa ukifungwa siku chache tu, bei ya mfuko inapanda na kila nyumba inalia. Mji wa shaba haujitoshelezi kwa mahindi! Sisi wenye mashamba yaliyolala kwa sababu ya vita tulitafakari hilo.

Niliona pia watu wasiosimama getini. Nyuma ya soko la Kenya, na kando ya barabara ya kamyo, kuna mafundi wa kuunganisha vyuma, wa kuziba magurudumu, wa injini, wa umeme, wa kushona viti. Hao hawana kontra na hawana bahasha. Kamyo ikiharibika, kampuni kubwa haiendi Ulaya, inamtuma dereva kwao. Fundi mmoja, mtu wa Kabalo, aliniambia alifika na kitu kimoja tu: miaka mitatu aliyojifunza kwa mjomba wake kabla ya kupanda treni. Juma la kwanza alikuwa anakula kwa mkono wake. Alipokea vijana watatu wa kwao, akawarudisha wawili kwa sababu hawakujua kushika hata ufunguo wa kufungulia bolti, na yeye hakuwa na chakula cha kuwalisha huku wanajifunza.

Mimi naona kosa kubwa liko hapa kwetu kabla halijafika kule. Kambini tumegawiwa maharagwe, maturubai, sabuni, na tunashukuru. Lakini kijana aliyefika kambini na miaka 14 sasa ana 19, na katika miaka hiyo hakuna aliyemwekea nyundo mkononi. Hapa Kalemie tuna kiwanda cha nguo, Filtisaf, kilichofungwa siku nyingi, nyasi zimeota. Tuna bandari. Tuna reli iliyotufikia tangu mwaka 1915, ambayo treni yake tunaingojea kama mvua. Bado wako mafundi wazee wa reli wanaojua kazi zote hizo, wanakaa kivulini wakicheza damu. Serikali ya jimbo na mashirika yanayokuja na motokari nyeupe wakiwalipa wazee hao kidogo, wakawapa vijana 20 kila mmoja, itagharimu chini ya semina moja ya hoteli. Nimehudhuria semina hizo, najua chakula kinavyobaki.

Yule mama nilimfuata siku ya pili baada ya kufika. Sikumwambia kijana asiende, sina mamlaka hayo. Nilimwambia niliyoyaona: geti, orodha, chumba cha watu sita, kijana wa Manono. Alisikiliza hadi mwisho huku anapepeta mchele, kisha akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria: «Huyo fundi wa Kabalo, anachukua pesa ngapi kufundisha?» Nikamwambia hafundishi tena, ila mzee mmoja wa reli hapa hapa Kalemie anaweza. Tulikwenda kwake pamoja Jumamosi. Mzee anadai mbuzi mmoja na kijana afike na buti zake. Buti bado tunatafuta, namba 42.